Tulijua, nao walijua, lakini tulisimama peke yetu

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaobaki mjini mkingojea habari za mashimo: leo tunasema juu ya jambo moja lililotukula siku tatu za kazi. Watu wanaosomea kompyuta walikuwa wamekwisha kuliandika zamani, na sisi hatukulijua. Tungelijua, ile hela isingepotea, na maneno mabaya tuliyowatupia ndugu zetu wa ng'ambo tusingeyasema.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mashimo ya dhahabu pande mbili za mto Aruwimi, kwenye teritwari ya Banalia. Banalia yenyewe iko kilometa 128 kutoka Kisangani kwa barabara ya Buta, lakini mashimo yetu yalikuwa ndani ya pori, mahali ambapo simu ni saa na taa tu, rezo hakuna. Mnunuzi alikuwa mmoja kwa pande zote mbili. Mizani yake ilikuwa inakula. Tulipima dhahabu ileile kwa mizani yake na kwa mizani nyingine, na kila mara ya kwake ilionyesha kidogo. Tulimtumia wajumbe. Akacheka.

Komite ikakaa, ikasema: kuanzia siku ya kwanza asubuhi, hakuna mtu anayemuuzia hata punje. Lakini hesabu ilikuwa hivi. Pande zote mbili zikisimama, anarudi na mfuko mtupu, na lazima abadilishe mizani. Upande mmoja ukisimama peke yake, ananunua kwa upande mwingine, na waliosimama wanalala njaa. Kwa hiyo kila upande ulikuwa tayari kusimama, kwa sharti moja tu: uwe na hakika kwamba na wale wengine wanasimama.

Siku ya tano tuliandika karatasi, tukampa motari. Akaenda mpaka mtoni, akavuka kwa pirogi. Siku ya posho wenzetu wakakutana, wakakubali, wakaandika jibu. Jibu lilitufikia siku ya Mungu jioni, limelowa maji ya mvua lakini linasomeka: «Tumekubali. Siku ya kwanza.» Tulifurahi sana. Asubuhi tukasimama.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mnunuzi hakuonekana upande wetu. Siku ya tatu jioni habari ikafika: yuko ng'ambo, ananunua tangu siku ya kwanza, na wenzetu wanamuuzia kama kawaida.

Mnajua mwenyewe maneno yaliyosemwa. Wasaliti. Wamekula rushwa. Vijana wengine walitaka kuvuka na mapanga. Tukawazuia, tukamtuma mzee mmoja wa komite aende kuuliza. Akamkuta prezida wa upande ule amekaa mbele ya nyumba yake, na yeye ana uchungu uleule.

«Yaya, siye tuliwangojea ninyi,» prezida akasema.

«Mulitungojea namna gani? Siye tulipataka jibu yenu siku ya Mungu!»

«Mulipataka? Na nani aliniambia miye kama mulipataka? Motari hakurudia. Mvua ilinyesha usiku muzima. Nikajiuliza: kama ile karatasi ilianguka mu maji, bale banazani siye tulikataa, na kesho hawasimame. Nitasimamisha batu yangu peke yao? Bana yao batakula nini?»

Mzee wetu alikosa jibu. Kwa sababu yule prezida alikuwa na haki.

Tuangalie vizuri. Sisi tulijua kwamba wao wamekubali. Wao walijua kwamba wamekubali. Lakini wao hawakujua kwamba sisi tunajua. Kosa lilikaa hapo tu. Hakuna aliyesaliti, hakuna aliyekula rushwa. Kulikuwa na pengo moja katikati ya kujua na kujua, na sote tukaanguka ndani yake kama mtu anavyoanguka katika shimo la zamani lililofunikwa na majani.

Mtu atasema: basi mngetuma karatasi ya tatu, ya kusema «jibu lenu tumelipata». Na sisi tulifikiri hivyo. Lakini fuata ile karatasi ya tatu. Motari anaondoka nayo usiku. Je, ilifika? Sasa sisi ndio tulio gizani. Tutasema: kama haikufika, wao bado wana wasiwasi, hawasimami, na sisi tutakuwa peke yetu. Tunahitaji karatasi ya nne itoke kwao. Wakiituma ya nne, wao ndio wanabaki kujiuliza. Ya tano, ya sita. Kila karatasi inatoa wasiwasi upande mmoja na kuupeleka upande mwingine. Wasiwasi unavuka mto pamoja na motari, lakini haufi.

Kijana mmoja wa kwetu aliyesoma kompyuta Kisangani ndiye alitufungua macho. Tulipomweleza kisa chetu alicheka, akasema: «Papa, hii iko mu kitabu.» Kweli ipo. Mwaka 1978 Mmarekani mmoja, Jim Gray, mtaalamu wa kuhifadhi hesabu ndani ya kompyuta, aliandika mfano wa majenerali wawili. Wako juu ya milima miwili, adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja wanashinda, akishambulia mmoja anakufa. Wajumbe wao wanapita bondeni na wanaweza kukamatwa. Wafanye nini ili wakubaliane saa? Jibu ni gumu kumeza: hata watume wajumbe wangapi, hawatafika kwenye hakika kamili.

Na sababu yake haihitaji diploma. Chukua mpango wowote wa karatasi za kwenda na kurudi, hata ziwe mia. Angalia ile ya mwisho kabisa. Aliyeituma hawezi kujua kama ilifika, maana baada yake hakuna jibu. Kwa hiyo lazima awe tayari kusimama hata kama imepotea. Kama ni hivyo, mwenzake naye lazima asimame ipatikane au isipatikane, la sivyo mmoja atabaki peke yake. Basi hiyo karatasi haikuwa na kazi, iondoe. Sasa ile ya kabla yake imekuwa ya mwisho. Nayo iondoe kwa sababu ileile. Utaondoa moja moja mpaka usibakiwe na karatasi hata moja. Maana yake, mpango unaofanya kazi kwa hakika kwa karatasi zinazoweza kupotea ni ule tu ambao haukuhitaji karatasi tangu mwanzo.

Majenerali hapa ni mfano tu. Kompyuta za banki, za simu, za ndege, ziko mbalimbali, na zinatumiana habari kwenye nyaya na antena ambazo zinakatika kama barabara yetu inavyokatika wakati wa mvua. Kila moja inaona ya kwake tu. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Joseph Halpern na Yoram Moses, walionyesha kwamba ili kompyuta kama hizo zifanye jambo moja kwa saa moja, haitoshi kila moja kujua. Lazima jambo liwe la hadhara: kila mmoja ajue, na ajue kwamba wenzake wanajua, na ajue kwamba wenzake wanajua kwamba yeye anajua, hivyo bila mwisho. Kwa kazi hiyo walipewa zawadi ya Gödel mwaka 1997.

Tofauti ya kujua kila mtu kivyake na kujua kwa hadhara inaonekana kwa mchezo mmoja ambao wataalamu hao wanaupenda. Wao wanatumia watoto wenye matope usoni. Sisi tuweke wachimbaji. Krezeri wawili wanatoka shimoni, wote wawili wana tope kwenye paji la uso. Kila mmoja anaona tope la mwenzake, la kwake halioni. Hawasemeshani. Mama anayeuza chakula anawaambia kwa sauti: «Kati yenu kuna aliye na tope usoni.» Wote wawili walikuwa wanalijua hilo, si kila mmoja anamwona mwenzake? Mama anauliza: «Nani anajua kama yeye ni mchafu?» Wananyamaza. Anauliza mara ya pili, na wote wawili wanasema pamoja: «Mimi!»

Wamejuaje? Kila mmoja alifikiri: «Kama uso wangu ungekuwa safi, mwenzangu hangeona tope popote, basi kwa neno la mama angejua mara moja kwamba ni yeye. Lakini alinyamaza. Kumbe anaona tope, na tope hilo ni langu.» Maneno ya mama hayakuwapa habari ambayo hawakuwa nayo. Yaliwapa jambo lingine: sasa kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Na hata kule kunyamaza kukawa habari.

Sisi watu wa Tshopo tungepaswa kuelewa hili mbele ya wengine. Walokele, wanaokaa kando ya mto chini ya Kisangani, kutoka Yakusu mpaka Isangi, walikuwa na lokole, ngoma ya gogo yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mmisionari Mwingereza John Carrington alikaa Yakusu, akajifunza kuipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Alieleza kwamba lokole haina herufi, ina kupanda na kushuka kwa sauti tu, na maneno mengi yana mlio mmoja. Kwa hiyo mpigaji hasemi «mwezi» peke yake, anasema kwa urefu, mwezi unaotazama chini duniani. Kipande kikipotelea katika upepo, kinachobaki kinatosha kuelewa. Mtu wa kompyuta akisikia hivyo anatambua kazi yake mwenyewe: kuongeza maneno ili habari ivuke kelele.

Lakini lokole ilikuwa na nguvu ya pili. Ikilia kijijini, kila mtu anasikia kwa saa moja, na kila mtu anajua kwamba jirani naye amesikia. Hakuna anayeweza kusema «sikuambiwa». Simu inanong'ona katika sikio moja moja, lokole inasema mbele ya wote. Hata hivyo lokole haikuvunja sheria ya Gray: anayepiga Yakusu hana hakika kama kijiji cha mbali kimesikia. Ndani ya kijiji, hadhara. Kati ya kijiji na kijiji, wasiwasi uleule wa motari wetu.

Basi, tukifika hapa, tunafanya nini? Hakika kamili kwa njia ya wajumbe haipatikani. Lakini kazi lazima iende, na kompyuta zinafanya kazi kila siku. Siri yake ni kwamba hazijaribu kuua wasiwasi wote. Zinachagua mapema wasiwasi uangukie wapi.

Mara ya pili tulifanya hivyo. Hatukutuma karatasi. Siku ya soko, wajumbe wa pande zote mbili walisimama pamoja mbele ya wachimbaji wa pande zote mbili, jua likiwa kali, tukasema kwa sauti: «Siku ya kwanza hakuna anayeuza. Hamtapata mesaji nyingine. Kunyamaza kwetu ni kusimama. Anayetaka kuahirisha ndiye atume mjumbe, na mpaka mjumbe afike mbele ya mkutano, tunasimama.» Watu wakaangaliana. Kila mmoja aliona kwamba mwenzake amesikia. Siku ya kwanza tulisimama pande zote mbili, bila motari, bila karatasi. Siku ya tano mnunuzi alileta mizani nyingine, na tuliipima mbele yake.

Lakini angalieni, kunyamaza hakuna maana moja kwa kila kazi. Kwenye mgomo tuliamua kwamba kunyamaza maana yake ni endelea na mpango. Kwenye shimo ni kinyume. Mtu yuko chini, mwingine yuko juu na kamba. Wa chini anavuta mara mbili, wa juu anarudisha mara mbili. Ile kamba nayo ni motari: inaweza kukwama kwenye jiwe, na wa chini hajui kama wa juu alisikia. Hapo kanuni iwe moja: ukinyamaziwa, simama. Usishuke, usivute mzigo, usizime mashine ya hewa, mpaka jibu lirudi. Kusimama bure kunapoteza dakika kumi. Kuendelea bure kunapoteza baba wa watoto. Kabla ya kazi yoyote jiulizeni swali hili: mesaji ikipotea, kosa gani tunaweza kulibeba? Jibu lake ndilo liwe maana ya kunyamaza, na lisemwe mbele ya wote kabla ya mtu wa kwanza kushuka.

Kuna pia habari ya pesa, na hii inawahusu mama mlio Mangobo, Kabondo na Lubunga. Baba anatoka porini, anafika mahali penye rezo, anatuma pesa kwa simu. Mesaji ya kuthibitisha hairudi. Anatuma tena. Kesho yake anagundua imekatwa mara mbili, na nyumbani kuna vita: mmoja anasema alituma, mwingine anasema hakuona kitu. Ni kisa kilekile cha Aruwimi. Mara nyingi pesa yenyewe haikupotea njiani, maana daftari la kampuni moja linabadilisha akaunti zote mbili pamoja au haligusi hata moja. Kilichopotea ni mesaji ya kusema kwamba imebadilishwa. Kwa hiyo kunyamaza kwa simu si ushahidi kwamba pesa haikwenda. Usirudie kutuma. Kwanza uliza salio, tafuta namba ya operesheni, mpigie mama aangalie la kwake. Kompyuta zilizotengenezwa vizuri nazo zinafanya hivyo: zikirudia ombi, zinalirudia na namba ileile, ili daftari liseme «hii nimekwisha kuifanya» na lisiifanye mara ya pili.

Mwisho, tumesema juu ya mjumbe anayepotea. Yuko pia mjumbe anayedanganya. Katika mgomo ule wa pili, mtu mmoja alipita huku akisema ng'ambo wameanza kuuza, na huko akasema sisi tumeanza. Jambo hili nalo limehesabiwa. Mwaka 1982 Leslie Lamport na wenzake wawili, Robert Shostak na Marshall Pease, walionyesha kwamba watu watatu wanaopashana habari kwa mdomo tu hawawezi kukubaliana kwa hakika kama mmoja wao ni mwongo, lazima wawe wanne. Na waongo wawili wanahitaji watu saba. Lakini neno likiwa na sahihi ambayo hakuna anayeweza kuigeuza, hata watatu wanatosha. Kwa hiyo tuliweka sheria: neno la mtu mmoja anayepita halivunji uamuzi wa mkutano. Linavunjwa na karatasi yenye sahihi na vidole vya komite nzima, inayosomwa mbele ya watu.

Tulirudi kwa ndugu zetu wa ng'ambo kuomba msamaha juu ya yale maneno ya siku ya tatu. Walitupokea. Prezida wao alisema kwamba hata yeye, kama angekuwa upande wetu, angetuita wasaliti vilevile. Tulikula samaki pamoja, na tukapanga siku ya mkutano unaofuata palepale, watu wote wakiwa wamekaa, ili asibaki hata mmoja wa kutumiwa habari.

Komite za mashimo mengine tunaziomba mambo matatu. Uamuzi wa wengi usemwe mbele ya wengi. Maana ya kunyamaza ipangwe kabla, kazi kwa kazi. Na siku mwenzako hakufanya mlichopatana, kabla ya kumwita msaliti, muulize kwanza: «Ulijua kama tunajua?»